Sauti Isiyomo Kwenye Kinanda

Siti Muharam wa Zanzibar ni kitukuu cha Siti binti Saad, na katika albamu yake Siti of Unguja, iliyotolewa London mwaka 2020, anaimba nyimbo za taarab za bibi yake huyo, ukiwamo Kijiti. Msimamizi wa muziki ni Mohamed Issa Matona, mpiga udi na fidla. Taarab imewekwa jirani na besi nzito, mitambo ya kielektroniki na ule ubunifu wa papo kwa papo tunaouhusisha na jazi. (Jazi ninayoisema hapa ni ile ya Wamarekani weusi. Morogoro Jazz na Tabora Jazz, licha ya majina yao, zilikuwa bendi za dansi.) Wengi waliisifu albamu hii kwa vilivyoongezwa. Mimi naona imefaulu kwa kilichopunguzwa. Nyuma ya mwimbaji kumeachwa nafasi kubwa, na bila nafasi hiyo uimbaji wenye asili ya Kiarabu hauwezi kukaa na jazi bila kujeruhiwa.

Sababu yake inapimika. Kinanda kimegawa oktavu katika nusutoni 12 zilizo sawa. Maqam za Kiarabu, ambazo ndizo njia za kupanga sauti na kuzitembeza, hazikubali mgawo huo kila mara. Katika maqam ya rast, sauti ya tatu hukaa katikati ya zile mbili ambazo kinanda kingekupa. Katika bayati ni sauti ya pili. Udi hauna vizuizi shingoni, kwa hiyo kidole huipata sauti hiyo popote ilipo. Kanuni, ala ya nyuzi nyingi, ina vijiti vidogo pembeni mwa nyuzi ambavyo mpigaji huviinua au kuvilaza ili kuipandisha au kuishusha sauti kwa kiasi kidogo sana. Piano haina pa kukimbilia. Mpiga piano akishindilia kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, chini ya mwimbaji wa rast, mmoja wao lazima asikike amepotea, na kwa kuwa piano haipindi, atakayepinda ni mwimbaji. Ndiyo maana michanganyiko mingi ya aina hii hukimbilia hijaz, maqam ambayo kinanda huimudu kwa kukadiria. Matokeo yake ni ile ladha ya jangwa la sinema, ngamia na machweo, inayochosha kabla wimbo haujafika katikati.

Jazi yenyewe ilikwisha kuufungua mlango mwingine. Mwaka 1958 mpiga besi wa New York, Ahmed Abdul-Malik, alirekodi Jazz Sahara, akiweka udi na kanuni pamoja na saksafoni. Mwaka uliofuata mpiga tarumbeta Miles Davis alitoa Kind of Blue, ambamo kodi zinazobadilika mbiombio zimepunguzwa na mpigaji akaachiwa ngazi moja ya sauti aizunguke kwa muda mrefu. Huko ni kukaribia kabisa taksimu, pale mpiga udi anapoichambua maqam peke yake, bila mdundo, kabla ya wimbo kuingia. Kwa hiyo mahali pa kukutana pamekuwapo zaidi ya miaka 60. Kinachokosekana mara nyingi ni subira ya kukaa hapo.

Mshikilia asili atasema taarab ni mashairi, vina na mizani, na ubunifu wa papo kwa papo utauvuruga ushairi. Hofu hiyo ina msingi, ila inasahau historia. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928 kwenye santuri ambazo upande mmoja ulibeba dakika kama tatu tu. Tunachokiita asili kilikwisha kupimwa na mashine. Na Umm Kulthum wa Misri, ambaye waimbaji wa Unguja na Mombasa walimsikiliza sana, alikuwa akirudia mstari mmoja mara nyingi, kila mara kwa mpito mpya, kadiri hadhira ilivyomdai. Maneno hayakuguswa. Kilichobuniwa ni njia ya kuyafikia.

Mwingine, hasa huku bara, atauliza haya yanamhusu nini mtu wa Mkonze, Dodoma. Yanamhusu sana. Watafiti wa muziki wamekwisha kuonyesha kwamba uimbaji wa Wagogo wa huko umejengwa juu ya sauti zinazozaliwa kwa maumbile ndani ya sauti moja ya msingi, na ile ya saba katika mfululizo huo iko chini ya noti ya kinanda kwa karibu theluthi ya nusutoni. Marehemu Hukwe Zawose aliufikisha uimbaji huo duniani kwa ala za ilimba na zeze. Kwaya inapouchukua wimbo wa muheme, ngoma ya Wagogo, na kuuweka juu ya kinanda cha umeme, sauti hiyo ya saba ndiyo ya kwanza kufa. Wazee husema wimbo umepoa, na wako sahihi kuliko fundi mitambo.

Lawama ninayoikubali ni moja. Albamu iliyopangwa studio huweza kukatwa na kuungwa hadi ubunifu ufanane na ajali nzuri. Jukwaani mambo ni mengine. Siti Amina, aliyetokea chuo cha muziki cha DCMA cha Zanzibar na anayeimba huku akipiga udi wake mwenyewe, amejijengea jina huko na bendi yake, Siti and the Band, wakichanganya taarab na jazi, fanki na rege. Mdundo wao mara nyingine unajaa kuliko ninavyopenda, lakini jukwaani fidla ikikosea maqam hakuna wa kuifuta.