Kabla ya kuvusha nguruwe, uliza alipimwa kwa kipimo gani

Mnunuzi anayetoa nguruwe Uganda na kuwavusha Busia kuingia Kenya huwakagua kwa macho: anakula? Anaharisha? Masikio yamegeuka rangi? Kwa homa ya nguruwe ya Afrika, jicho huchelewa. Mnyama aliyeambukizwa anaweza kukaa siku 4 hadi 19 bila kuonyesha dalili, na dawa ya kumtibu haipo. Ugonjwa huu, ulioelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, haumpati binadamu. Mtaji wake ndio huumaliza.

Ndiyo maana mnunuzi hudai cheti cha maabara. Lakini "hana ugonjwa" ya kipimo kimoja si sawa na ya kingine.

Kipimo cha Elisa, kile kinachotumika sana, hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huunda baada ya kushambuliwa. Askari hao huchukua wiki moja au zaidi kuonekana, na nguruwe wengi hufa kabla. Kwa hiyo Elisa hufaa kujua kama ugonjwa umewahi kupita kijijini, lakini kwa nguruwe aliyeambukizwa juzi inaweza kukudanganya kabisa.

PCR hutafuta vinasaba vya virusi vyenyewe, hata vikiwa vichache, mara nyingi kabla ya dalili. Mashine yenyewe humaliza kazi kwa saa chache. Kinachokula siku ni safari ya damu hadi maabara, na mfanyabiashara huku analisha mifugo na kulipia lori.

Hapo ndipo kipimo cha haraka, kile cha kudondoshea damu na kusubiri dakika kama 20, huvutia. Kikisema mgonjwa, simamisha biashara, mwite daktari wa mifugo. Kikisema mzima, usilipe bado. Virusi vikiwa vichache hukipita.

Mimi ningelipia PCR. Hata hivyo, majibu yake ni ya siku damu ilipotolewa tu. Nguruwe akichanganywa baadaye na wengine mnadani, au akipakiwa kwenye lori lisilooshwa kwa dawa, cheti hicho hakimlindi tena.

Angalia pia chupa. Damu ya PCR huwekwa kwenye chupa ya kuzuia kuganda, kwa kawaida yenye kifuniko cha zambarau, na husafirishwa kwenye barafu.