Kumfundisha Mtoto Habari za Gesi kwa Michezo ya Nyumbani

Huenda mwalimu anayeanza kazi akadhani kwamba somo la gesi haliwafai watoto wa darasa la kwanza na la pili, kwa kuwa gesi haionekani. Sisi tunaona kinyume chake. Mtoto wa Mwakitolyo, mkoani Shinyanga, hukua jirani na maduara ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, na nyumbani hupikiwa kwa mkaa. Asipojua mapema kwamba kitu kisichoonekana chaweza kuwapo na kudhuru, ujinga huo waweza kumletea maafa.

Michezo mitatu ifuatayo hufanyika nyumbani, wazazi wakishirikishwa.

1. Hewa huchukua nafasi. Mtoto akandamize karatasi kavu katika kitako cha bilauri, aipindue, kisha aizamishe wima katika beseni la maji. Akiitoa, karatasi ingali kavu. Tusimwambie sababu; tumwulize, “Ni nini kilichoyazuia maji?” Arudie akiinamisha bilauri, aone mapovu yakipanda.

2. Gesi husambaa. Mtoto mmoja amenye chungwa pembeni mwa chumba, wenzake wakiwa wamefumba macho. Kila mmoja anyoshe mkono asikiapo harufu. Walio karibu hutangulia, walio mbali hufuata.

3. Gesi nyingine huzima moto. Hapa moto ushikwe na mtu mzima tu. Mahali pasipo upepo, tia magadi yaliyopondwa katika kopo refu, ukamulie ndimu mbili. Gesi inayotoa povu ni kabonidayoksaidi. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini. Ukishusha kijiti kinachowaka hadi karibu na povu, kitazimika. Hata katika shimo refu gesi hii huweza kutuama.

Baada ya michezo hii mwalimu hana budi kuwa mwangalifu, kwani mtoto huweza kukata shauri kwamba pasipo harufu, na mahali moto unapowaka, hapana hatari. Hilo si kweli. Kabonimonoksaidi, itokayo katika jiko la mkaa na katika mashine za petroli za kuvutia maji, haina rangi wala harufu, nayo huweza kuua ilhali taa ingali inawaka. Mvuke wa zebaki inayochomwa ili kupata dhahabu nao hauonekani wala haunuki. Pua na moto, basi, si mashahidi wa kutegemewa.

Kwa hiyo tunashauri kila mchezo umalizike kwa kanuni tatu, zisemwe na watoto wenyewe: hatuingii katika duara, hatukaribii mahali zebaki inapochomwa, hatulali chumbani pamoja na jiko la mkaa.

Kipimo cha somo hili hakimo katika daftari. Tutajua kwamba tumefundisha siku mtoto atakaposema, kabla ya kulala, “Mama, jiko tulitoe nje.”