Ini Likibaki Nusu, Litafanya Kazi Kiasi Gani?

Ini likikatwa huota tena. Ila huchukua wiki kadhaa, na katika siku za mwanzo baada ya upasuaji wa saratani mgonjwa huishi kwa kutegemea kipande kilichobaki. Kikielemewa, ini hushindwa kazi, na hiyo ni mojawapo ya sababu kuu za vifo baada ya upasuaji huo.

Kwa muda mrefu madaktari wamepima ujazo kwa siti skani: kwa ini lenye afya, ikibaki asilimia 25 hadi 30 huhesabiwa kuwa inatosha. Lakini ini lenye mafuta, makovu ya homa ya ini au madhara ya kemotherapi huweza kuonekana kubwa pichani ilhali seli zake zimechoka. Kwa maoni yangu, ni hatari kumpeleka mgonjwa wa namna hiyo chumba cha upasuaji kwa kuamini ukubwa peke yake.

Tiba ya nyuklia hupima kazi yenyewe. Mgonjwa hulala chini ya kamera ya gama, akachomwa sindano ya mebrofenini iliyounganishwa na teknetiamu-99m, ambayo mionzi yake hupungua kwa nusu kila baada ya saa 6. Seli za ini huidaka dawa hiyo kutoka kwenye damu na kuitoa kwenye nyongo bila kuibadilisha. Kamera huhesabu kasi ya kudakwa huko katika dakika chache za mwanzo, na huonyesha ni upande upi wa ini unaojituma na upi umelegea.

Mwaka 2010 Wilmar de Graaf na wenzake wa Amsterdam walipendekeza kiwango: sehemu itakayobaki idake angalau asilimia 2.69 ya dawa kwa dakika, kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili. Ikipungukiwa, madaktari huweza kuziba tawi la mshipa linalolisha upande wenye saratani, damu ikaelekezwa upande mzima, nao ukakua. Kinachonivutia zaidi ni kwamba uwezo wa upande huo huongezeka haraka kuliko ukubwa wake. Siti skani pekee isingelionyesha hilo.

Kipimo hiki kina mpaka wake. Mebrofenini huingia kwenye seli kupitia milango ileile ya bilirubini, rangi inayoyafanya macho kuwa ya manjano inapozidi kwenye damu, hivyo kwa mgonjwa mwenye macho ya manjano matokeo hushuka. Mfereji wa nyongo ukiwa umeziba, huzibuliwa kwanza, manjano yapungue, ndipo apimwe.