Je, Wajua? Ndoana isiyo na kijino
Kinachomshika samaki kwenye ndoana isiyo na kijino ni mshipi uliokazwa. Ukilegea kidogo tu, hasa anaporuka juu ya maji, amekwenda. Kijino ni kile kichongo kidogo kinachoelekea nyuma, chini ya ncha. Mvuvi wa chambo bandia anayemrudisha samaki majini hukilaza kwa koleo, kisha huipitisha ndoana kwenye pamba: ikinasa uzi, kijino bado hakijalala. Ndoana hiyo hutoka kwa kugeuzwa kidogo, samaki akiwa majini, ute unaomkinga ukiwa mzima. Hutoka vivyo hivyo kidoleni mwa mvuvi, na hilo si jambo dogo. Nchini Maldivi, wavuvi wa sehewa huitumia kwa kasi: samaki hurushwa nyuma, huchomoka hewani, huanguka sitahani, na ndoana hurudi baharini papo hapo.