Kutoka Langoni hadi Benchi: Safari ya James Siang'a na Njia ya Ukocha Leo

Mashabiki wa Simba wa Dar es Salaam wakikumbuka mwaka 2003, hawakosi kumtaja Mkenya mmoja. James Siang'a ndiye aliyekuwa kocha klabu hiyo ilipoiondoa Zamalek ya Misri, bingwa mtetezi wa Afrika, katika Ligi ya Mabingwa. Simba ilishinda 1-0 nyumbani, ikafungwa 1-0 jijini Cairo, kisha ikapita kwa penalti huku kipa Juma Kaseja akiwa shujaa wa usiku huo. Ushindi huo uliifikisha Simba hatua ya makundi.

Kwamba ushindi ule uliamuliwa na kipa, chini ya kocha aliyekuwa kipa, si jambo la kushangaza. Siang'a alidakia Gor Mahia na Harambee Stars, na alikuwa katika kikosi cha Kenya kilichokwenda Cameroon mwaka 1972, mara ya kwanza kwa nchi yetu kushiriki Kombe la Mataifa ya Afrika. Kenya ilifungwa 2-1 na wenyeji, ikatoka sare ya 1-1 na Mali na vilevile na Togo. Haikurudi katika mashindano hayo hadi 1988.

Baada ya kutundika glavu alifunza timu nyingi, zikiwemo Gor Mahia, Harambee Stars na Taifa Stars ya Tanzania. Aliaga dunia Septemba 2016 hapa Bungoma.

Je, kipa ana nini cha kumsaidia kuwa kocha? Kwanza, yeye huutazama uwanja mzima mbele yake muda wote wa mchezo. Winga huona upande wake. Kipa huona beki aliyesahau mtu wake na kiungo aliyechoka. Pili, kazi yake ni kusema. Hupanga ukuta wa frikiki, huita mabeki wapande au warudi, na huzoea kuamuru watu ambao hawezi kuwafanyia kazi yao. Hiyo ndiyo hali ya kocha kwenye benchi.

Lakini kuna upande wa pili, nao hausemwi sana. Kipa hufanya mazoezi kando na wenzake, na hivyo anaweza kustaafu bila kujua vizuri jinsi safu ya mbele inavyofunzwa. Wengi huanza kama makocha wa makipa na kubaki hapo. Mwitaliano Dino Zoff, nahodha wa timu iliyotwaa Kombe la Dunia 1982, alivuka mpaka huo: aliipa Juventus Kombe la UEFA 1990 na kuifikisha Italia fainali ya Euro 2000.

Isitoshe, mchezo wenyewe ulibadilika. Tangu 1992, kipa haruhusiwi kushika kwa mikono mpira aliorudishiwa makusudi kwa mguu na mwenzake. Kizazi cha Siang'a kiliushika bila wasiwasi. Kipa wa leo lazima ajue kupiga pasi, na kocha aliyedaka zamani lazima ajifunze kufundisha jambo ambalo yeye mwenyewe hakufundishwa.

Ndiyo maana uzoefu pekee hautoshi tena. Shirikisho la Soka la Afrika, CAF, lina ngazi za leseni zinazoanzia D, kisha C, B na A. Kocha mkuu bila leseni A hawezi kuketi kwenye benchi katika Ligi ya Mabingwa, hata kama ameshinda mataji ya nyumbani. Kozi hizi huandaliwa nchini na Shirikisho la Soka la Kenya, FKF, na matawi yake ndiyo mahali pa kuulizia.

Kwa kipa wa timu ya mtaa ambaye hana matarajio ya kusajiliwa na klabu kubwa, leseni hiyo ina maana nyingine. Shule za upili, vyuo vya ufundi na vyuo vikuu vina timu, na nyingi hufunzwa na mwalimu aliyejitolea, mara nyingi bila mtu wa kuwashughulikia makipa. Mvulana au msichana anasimamishwa langoni kwa sababu ni mrefu, basi. Hafundishwi namna ya kuanguka bila kuumia bega.

Wakazi wafahamu pia kwamba Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti jukumu la michezo na viwanja vyake. Jedwali hilohilo linazikabidhi vyuo vya ufundi vya vijijini. Kwa hiyo timu ya chuo cha ufundi iko chini ya kaunti kwa pande zote mbili, na swali la nani anawafunza vijana wake linaweza kuulizwa katika vikao vya umma vya bajeti, sawa na swali la barabara au zahanati.

Anayetaka kuanza si lazima asubiri kustaafu. Wako wachezaji wanaosoma ukocha wakiwa bado wanacheza, na kwa kipa, ambaye aghalabu hudumu uwanjani kuliko mshambuliaji, miaka hiyo ya mwisho ndiyo inayofaa zaidi.