Ramani za Kale Hueleza Asili ya Shamba

Watu wengi huifungia hati ya shamba sandukuni, wakaitoa siku ya ugomvi tu. Lakini nambari iliyoandikwa katika hati hiyo ni mlango. Anayeufuata huweza kujua shamba lake lilivyozaliwa.

Katika sehemu za Kiambu, Murang'a na Nyeri, mashamba mengi yalipata mipaka yake katika miaka ya 1950. Kabla ya hapo jamaa moja iliweza kuwa na vipande vingi, kimoja bondeni, kingine mlimani. Mwaka 1954 Serikali ya kikoloni ilitoa mpango wa kilimo uliotungwa na Bwana Swynnerton. Vipande vikapimwa, vikajumlishwa, na mwenyewe akapewa mahali pamoja. Ndiyo sababu mzee aweza kuonyesha mti uliopandwa na babu yake ndani ya shamba la jirani, na wala jirani si mwizi.

Anayetafuta habari na aanze na nambari ya leo katika ofisi ya ardhi ya mahali pake. Daftari huonyesha wenye shamba kwa zamu, pamoja na tarehe. Ikiwa shamba limegawanywa, hutajwa nambari ya zamani iliyofungwa. Aifuate mpaka afike maandishi ya kwanza. Kisha aitazame ramani.

Hapo yapasa kuangalia sana. Ramani nyingi za namna hiyo zilichorwa kwa msaada wa picha zilizopigwa kutoka ndege, kwa kufuata nyua zilizoonekana. Kwa kipimo cha 1 kwa 2,500, milimita moja ya karatasi ni mita mbili na nusu za udongo. Kwa hiyo ramani hizo haziwezi kukata neno juu ya hatua moja au mbili, na kwa sheria ya mwaka 2012 ugomvi wa mpaka huo hupelekwa kwanza kwa Msajili wa Ardhi.

Tena, daftari huandika waliotambuliwa, si wote waliodai. Kazi ile ilifanywa wakati wa Hali ya Hatari, watu wengi wakiwa kizuizini. Na sheria ya mwaka 1963, iliyofutwa mwaka 2012, haikuruhusu mahakama kusahihisha usajili wa kwanza, hata ukiwa wa hila.

Basi karatasi na isomwe pamoja na maneno ya wazee. Afanyaye hivyo kabla ya kung'oa ua huokoa fedha, na huenda akaokoa udugu.