Dumuzi Huitana kwa Harufu

Ndugu mkulima, je, umewahi kufungua gunia la mahindi ukakuta unga na punje tupu? Hiyo ni kazi ya dumuzi. Wengine humwita Skania. Ni mdudu mdogo, urefu wake milimita 3 au 4 tu. Kwao ni Mexico na Amerika ya Kati. Hapa Tanzania aligunduliwa mkoani Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Baadaye alienea mikoa mingine. Hupenda mahindi na makopa ya muhogo.

Dumuzi huitanaje? Dume akipata chakula, hutoa harufu. Madume na majike wengine huisikia, nao huja. Wataalamu waliichunguza harufu hiyo, wakaweza kuitengeneza. Huiweka katika mtego na kuutundika nje, mbali na ghala. Dumuzi huifuata na kunaswa. Wakinaswa wengi, tunajua kwamba wanaruka kwa wingi. Lakini mtego hauwamalizi walio ndani ya ghala. Kazi yake ni kutuonya.

Je, jambo hili lahusu afya? Ndiyo. Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua. Mavuno yakiliwa na dumuzi, watoto watalala njaa. Tena, punje zilizotobolewa huota ukungu upesi zikipata unyevu. Ukungu mwingine hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kupika hakuiondoi.

Basi, fanya hivi:

1. Kausha mahindi vizuri juu ya turubai, si juu ya udongo.

2. Yapime. Tia punje na chumvi kavu katika chupa kavu. Tikisa. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi hayajakauka.

3. Safisha ghala. Ondoa mabaki ya zamani.

4. Pukuchua mahindi. Yatie katika mifuko isiyopitisha hewa, uifunge vizuri. Dumuzi hukosa hewa, hufa.

5. Ukitumia dawa, tumia ile ya kuhifadhi nafaka tu, kwa kipimo kilichoandikwa. Dawa ya pamba usiitie katika chakula kamwe. Ni sumu.

6. Kagua ghala mara kwa mara. Ukiona unga au matundu, mwite bwana shamba mapema.

Usile punje zenye ukungu. Wala usimpe jirani.

Chakula ni uhai. Tukilinde.